Wimbo wa Mwavuli

Kwa miaka ishirini hakuna wimbo wa mchekeshaji uliotoka hadharani bila kupita kwanza mbele ya meza ya pasi ya dada yake, dobi. Mchekeshaji alikuwa akija asubuhi na gitaa, akikaa juu ya furushi la mashuka ya watu na kuimba. Dada alikuwa akisikiliza huku akinyoosha kola, kisha akitoa hukumu.

Mji mzima uliimba nyimbo hizo: ya bwana aliyejificha uvunguni mama mkwe alipobisha hodi, ya karani aliyepiga chafya mbele ya bosi, meno ya bandia yakaruka mpaka kwenye chai. Dobi alijihesabu mshirika katika sifa hizo, na wateja aliwaambia hivyo, watake wasitake. Kilichomtatiza ni kimoja tu. Wimbo wa karani haukumchekesha hata kidogo. Uliomvunja mbavu ulikuwa wa kitasa kinachoona haya wageni wakija, na huo hakuusikia tena.

Siku moja redioni, mtangazaji akamuuliza mchekeshaji anajuaje kwamba wimbo utapendwa.

"Namwimbia dada yangu," akajibu. "Akicheka, nautupa. Akinuna, najua nimepata. Hajaniangusha hata mara moja."

Mtangazaji akacheka mpaka akapaliwa. Dobi, redio ikiwa kando ya meza yake ya pasi, akainyoosha foronya ileile mara tatu. Ilimuuma, tena sana.

Ndugu alipokuja wiki ile, hakujua kuwa dada kasikia. Akaimba wimbo wa fundi bomba aliyekwama chini ya sinki la jirani. Kwa dobi haukuwa na ladha yoyote, maana yake ulikuwa dhahabu tupu. Akaweka pasi kando, akacheka huku ameshikilia meza. Mchekeshaji akakunja karatasi kwa huzuni, akaimba wa pili. Dada akacheka kuliko mwanzo. Kufikia wa nne, bwana mkubwa hakuwa na wimbo, na onyesho lilikuwa Jumamosi.

"Dada," akasema taratibu, "umesikiliza redio."

"Redio gani? Yangu mbovu." Akachukua shati jingine. "Mimi nilidhani unanipenda kwa masikio yangu. Kumbe mimi ni kipimo cha ubovu."

Mchekeshaji akakusanya karatasi zake zote nne. Akaondoka na gitaa lake.

Jumamosi dobi alikwenda ukumbini, akajiambia anakwenda kuangalia tu kama ndugu yake amekunja mikono ya shati vizuri. Nyimbo nne zile zikaimbwa, watu wakagaagaa kwa kicheko, naye akanuna kwa uhuru wake wote. Kisha ndugu yake akasema, "Huu wa mwisho ni wa dada yangu," akaanza wimbo wa mwavuli unaoogopa mvua.

Ukumbi ukanyamaza. Watu wakatazamana. Dobi peke yake, safu ya mbele, akaanza kucheka, akashindwa kuacha, machozi yakamtoka. Mchekeshaji alijua maana ya kicheko kile kuliko mtu yeyote pale ndani. Akasogea ukingoni mwa jukwaa, akamwimbia beti zote saba.