Wimbo wa Kusagia Wimbi

Nakumbuka siku moja niliyoufukuza wimbo nyumbani kwetu kwa mikono yangu mwenyewe.

Mwanangu, usicheke. Nilikuwa kijana, nimetoka kufuzu masomo ya jioni kule Itumbe, kichwa kimejaa elimu hadi kofia haikunitosha. Nikanunua redio kaseti kubwa. Ukiibeba, lazima upumzike njiani mara tatu. Nia yangu ilikuwa njema. Nyanya yangu, Magokoro Kemunto, ndiye pekee aliyebaki akijua beti zote za wimbo wa kusagia wimbi, ile nafaka ya uji, na kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua. Niliogopa ataondoka nao.

Sasa mimi nilitaka kuurekodi kwa sauti safi, kama ya watu wa redioni. Nikawatoa shangazi zangu uani, nikafunga mbuzi mbali, hata nyanya nikamwambia aache kusaga, aketi tu aimbe. Akaimba ubeti wa kwanza. Wa pili ukakatika katikati. Akajaribu tena, ukakatika palepale. Kanda inazunguka, jasho linanitoka kama mvua ya Kisii.

"Nyanya, umesahau?"

"Mimi?" Akanitazama. "Wewe msomi, umewafukuza wanaoitikia, umeninyang'anya jiwe la kusagia, sasa nimwimbie nani? Hicho kisanduku chako kinajua kuitikia?"

Shangazi Moraa, kule nyuma ya migomba, akacheka mpaka ndizi zikataka kuiva. "Kwani huko shuleni kwako hamkufika darasa la kuitikia?"

Nikawaita warudi, uso chini. Jiwe likaanza kunguruma juu ya wimbi, wakaitikia, na beti zikaja zenyewe, mmoja ukivuta mwingine, hata mmoja ambao shangazi hawakuwa wameusikia tangu usichana wao. Kanda ile ina kikohozi, ina jogoo, ina Moraa akimgombeza mbuzi. Jioni nilipoicheza, ua mzima uliiitikia redio. Nyanya naye akajiitikia mwenyewe!

Basi, mwanangu, ukienda kwa wazee na simu yako, usianze kwa kuwanyamazisha watu. Shika kazi wanayoifanya, itikia hata kama una sauti mbaya kama yangu. Na kabla hujaituma sauti yao popote, wasikilizishe wenyewe kwanza.

Mungu akupe masikio yasiyochoka, na kila utakapoimba, asikosekane wa kukuitikia.