Ngumi Saba na Vidole Viwili

Mmeniganda kama kupe: andika habari za Zita, andika. Mimi na kalamu ni mbuzi na mvua. Lakini mkiandika nyie mtatia uongo, basi nipisheni, naandika mwenyewe.

Zita wa Milanzi, yule anayepepeta ulezi mbele ya nyumba, alikuwa na mtoto mmoja, Baltazari, baharia wa meli za mizigo. Likizo alikuja na chombo cha shaba kiitwacho sekstanti, cha kupimia jua na mwezi vimeachana kiasi gani. Asubuhi, mwezi ukiwa bado juu, alisimama katikati ya ulezi wa mama yake akichungulia.

"Mwezi ni saa, mama. Kila anayeuona duniani sasa hivi anauona umeachana na jua vilevile. Huo unanipa saa ya dunia. Jua la kwangu linanipa saa ya hapa nilipo. Tofauti yake inaniambia nimekwenda mashariki au magharibi kiasi gani. Leo ni digrii..."

"Digrii zako peleka hukohuko. Niambie kwa ngumi."

Akacheka. Akamnyoosha mama mkono, akamfundisha kupanga ngumi angani, toka juani hadi mwezini. Tangu hapo, kila alipopiga simu walipimiana ngumi, na Zita alitamba kwa majirani kwamba yeye na mwanawe wanashika mwezi mmoja.

Mwaka juzi ikaja simu ya baharia mwenzake. Baltazari ameanguka majini asubuhi, hakuonekana tena. Kampuni ikasema "baharini", basi. Mwenzake akatuma sauti ambayo marehemu alijirekodi muda mfupi kabla: "Mama, jua ndiyo linachomoza. Mwezi uko ngumi saba na vidole viwili. Haya, niambie niko wapi!" Na kicheko chake.

Wazee walipotaka kuanua matanga, Zita akagoma. "Mnaanua ya nani? Nionyesheni kwanza alipolala."

Akamwendea Ambwene, mwalimu wa hesabu, mtu wa Mbeya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ngumi saba na vidole viwili, jua likichomoza. Nitafutie mwanangu."

Mwalimu akaisikiliza ile sauti, akairudia. Akakuna kichwa.

"Mama, kwa saa nzima mwezi unasogea upana wake mmoja tu. Kidole cha mtu kinafunika miezi minne. Pakikosewa kidole kimoja, tumekosea saa nne, na saa nne ni bahari nzima."

"Kidole cha kwetu hakikosei. Waulize wanaonunua ulezi kwangu."

"Hata kisipokosea, ningepata mstari tu, kaskazini hadi kusini. Ile namba ya kwenye chombo ingetusogeza karibu. Hakuitaja?"

Namba mtoto alikuwa nayo, kamili. Akaigeuza ngumi, kwa sababu mama hakutaka digrii.

Zita alirudi kwa miguu, hakumsalimia mtu. Akawaambia wazee waanue. Kisha akapima kwa ngumi unga wa ulezi wa kumtambikia mwanawe, akaufunga kwenye kitambaa, akakaa nao mapajani. Aupeleke wapi? Ziwa letu Rukwa maji yake hayatoki kwenda popote, baharini hayafiki.

Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa, usinipe pole, pole ninazo. Siku ukifika baharini, bahari yoyote, tupa unga wa ulezi kidogo, useme: "Baltazari wa Zita, mama amepima." Na uwe ulezi. Ukitupa sembe nitajua.