Picha ya Kandy na Maksai wa Baba

"Huyo hata Mwanza anapotea, ng'ambo ataweza wapi?" Ndivyo walivyosema Bariadi nilipopata nafasi ya kusomea stashahada ya mitambo Sri Lanka. Baba yangu mdogo ndiye aliyecheka kuliko wote. Alisema ningeishia Dar es Salaam, nikila ng'ombe wa watu. Niseme wazi: nilifika, nilifaulu, na katika ukoo wetu sijasikia mwingine aliyepanda ndege kwenda kusoma.

Ada ililipwa na wafadhili, lakini nauli ilikuwa juu yetu. Biashara ya pamba ilikuwa imefunguliwa. Wanunuzi binafsi walikuja kila mmoja na mzani wake na bei yake, na pamba ya baba haikufikisha hata nusu ya tiketi. Baba akakopa mitamba kwa mdogo wake, kwa mjomba na kwa jirani yetu, tukaiuza mnadani. Wenyewe walimpa kwa neno lake tu.

Mwaka wa pili baba aliniandikia kwamba kuna mtu aliyeapa kuwa ameniona Kariakoo. Wenye mitamba walitaka mali yao. "Tuma picha," aliandika, "uwe umesimama penye kitu ambacho Tanzania hakipo. Wasipoiona watachukua maksai." Wale maksai ndio waliokuwa wakivuta plau. Bila wao, baba angelima kwa jembe la mkono, na alikwisha kuwa mtu mzima.

Mwenzangu wa darasani, mwenyeji wa huko, aliposikia alisema, "Kitu ambacho hakipo kwenu? Kaka, twende Kandy."

Treni ilipanda milima ya chai hadi kwenye mji huo wa wafalme wa zamani. Kuna ziwa katikati ya mji, na kando yake hekalu linalotunza jino la Buddha. Watu walikuwa wamevaa nguo nyeupe, wamebeba maua kwenye sinia. Viatu vyote huachwa nje. Ngoma zilipigwa, watu wakasogea kimya kimya, na mwenzangu akawa ananieleza habari za wafalme. Sikumsikiliza. Macho yangu yalitafuta mahali pa kupigia picha tu.

Nikaona sanamu kubwa ya Buddha. Nikampa mwenzangu kamera niliyoazima, nikasimama mbele ya sanamu kifua mbele, mikono kiunoni, kama msomi.

"Geuka! Usimpe mgongo!" mwenzangu alininong'oneza. Nilidhani ananitania. Mlinzi hakunitania. Alichukua kamera, akaifungua na kuivuta filamu yote ikapigwa na mwanga. Akinamama wenye maua walinitazama kama mtu aliyetukana msibani.

Mwenzangu alinitetea sana kwa lugha yao. Alimwambia mlinzi habari za baba na maksai. Mlinzi akatulia, akaturuhusu tuweke filamu nyingine, ila nipige magoti ubavuni mwa sanamu, maua mkononi. Ndiyo picha niliyoituma.

Barua ya majibu ilinikuta katika mitihani. Baba mdogo aliizungusha picha ile mji mzima. "Mtazameni! Hata viatu kauza! Na sasa anaomba chakula kwa sanamu!" Wazee wa kanisa wakamwita baba wamhoji. Wenye mitamba wakasema mtu aliyefika pale harudi tena, wakawaswaga maksai hadi zizi la baba mdogo, wawe rehani. Msimu ule baba alilima kwa jembe.

Nilifanya mitihani nikiwa na habari hiyo kichwani, na bado nikapita vizuri. Niliporudi, kiwanda cha kuchambua pamba kilinichukua haraka, maana mashine zilikuwa zinakufa na mafundi walikuwa wachache. Baba hakuniuliza habari za ng'ambo. Aliniuliza mshahara unatoka lini.

Nilimlipa jirani, kisha mjomba. Siku ya mwisho nilifika kwa baba mdogo na mtamba niliyemnunua mnadani, baba akiwa nyuma yangu.

"Mwangaluka, baba mdogo."

"Mwangaluka, msomi." Alimzunguka mtamba, akamfungua mdomo, akamwinua mguu. "Kwato hizi mbaya."

"Basi nenda mnadani uchague mwingine, mimi nalipa."

Akamtazama tena. "Hapana. Mwache huyuhuyu."

Akafungua zizi. Maksai walitoka wamekonda, mmoja akiwa na kidonda kibichi shingoni. Wakati wote ule alikuwa amewakodisha kwa watu walime. Nilitaka kusema neno, maana sasa sikuwa na deni la mtu yeyote. Baba alinishika mkono. Aliinama, akafukuza nzi kwenye kile kidonda.

"Twende, ng'wanawane, mwanangu," alisema, "polepole. Huyu hatavuta kitu mwaka huu."