Mfuko Kwenye Chujio

Spana alikuwa fundi wa boti ya abiria kwa miaka mingi, na jina hilo alipewa kwa kuwa hakuonekana bila spana mfukoni. Roho ilianza kumuuma siku kapteni alipomkabidhi mdogo wake Spana, ambaye kila mtu alimwita Mpole, usimamizi wa vifaa vya usalama: majaketi ya kujiokolea, mitungi ya kuzimia moto, na pampu inayonyonya maji yanayojikusanya chini ya sakafu ya boti. Kazi hiyo Mpole alifundishwa na Spana mwenyewe, tangu kushika bisibisi. Nyumbani nako mama yao hakuwa na habari nyingine. Ungedhani boti yote ni ya Mpole. Spana alikuwa akimeza chakula kama anameza mchanga.

Asubuhi ya ukaguzi wa usalama wa boti alishuka chini peke yake, akainua ubao wa sakafu, akatafuta kasoro. Akaiona. Mfuko wa plastiki ulikuwa umejikunja kwenye chujio la pampu. Kuutoa ilikuwa kazi ya kunyoosha mkono tu, lakini mkono haukunyooka. Alirudisha ubao, akapanda juu, akaegemea pembeni kama hayumo.

Mkaguzi alikagua majaketi akaridhika. Kisha akaagiza maji yamwagwe chini na pampu iwashwe. Ikanguruma bila kutoa hata tone. Kapteni akamkazia macho Mpole, naye jasho likamtoka. Spana alijisikia mwepesi kama mtu aliyetua mzigo, ila kwa kitambo tu.

"Kaka," Mpole akamgeukia mbele ya wote, "hii imenishinda. Nisaidie."

Spana akashuka, akazima pampu, akauchomoa ule mfuko. Ilipowashwa tena, maji yakaruka nje ya ubavu wa boti. Mkaguzi akampa mkono, na kapteni akamsifu hadharani.

Jioni Mpole alimsimulia mama yao kila kitu, hata aibu yake hakuificha. "Nilisahau kuangalia chujio, mama. Bila kaka leo ningefukuzwa. Nimemwomba kapteni usimamizi tuushike wote wawili."

Mama alimtazama Spana kwa furaha ambayo kwa siku nyingi hakuwa amemwonyesha. Spana akainamia sahani. Cheo cha Mpole angekizoea, na sifa zake angezizoea pia. Lakini moyo wake ule mweupe, ambao yeye hakujaliwa, ulimchoma kuliko vyote. Akamwonea mdogo wake wivu upya, na sasa hakuwa na wa kumlaumu.