Muchanga ya kuanika chisense

Leo moto ya pori ya serikali ilikuya mupaka nyuma ya nyumba yangu, halafu ikalala.

Majivu ilikuwa inashuka pole pole, kama magamba ya samaki ku jua.
Mimi nilisimama tu na ndoo ya maji.

Pale nyuma nilikataka majani yote, nikafagia mupaka muchanga, sababu ya kuanika chisense, tule tusamaki tudogo.
Moto ilifika ku muchanga, ikakosa kitu ya kula.

Jirani yangu, Mama Mutale, akaniambia: "Kumbe ulijitayarisha, mama. Uko na akili."
Nikasema, "Merci, mama."

Ku upande ingine, kwenye sianiki samaki, majani inafika ku dirisha.
Kwenu inafika wapi?

Mama ya akili anaandika hii na jembe ku mukono.