Baiskeli Niliyoichagua kwa Hasira

Baiskeli yangu ya kwanza niliichagua kwa hasira, na sijapata kuchagua kitu vizuri kama vile tena. Wanangu wa kulea wakinisikia nasema hivi hunikataza. Mama, wewe ni Mkristo. Najua. Lakini mimi ndiye niliyekuwepo, wao hawakuwepo.

Nilikuwa nimeolewa na dresa wa hospitali ya Bukoba, mmoja wa wale vijana waliofunga vidonda, wakachoma sindano na kuwatafsiria Wazungu. Alijua Kiingereza na alitaka hata kuku wa jirani wajue kwamba anakijua. Nilipokaa kwake bila kupata mtoto, aliwaita wazee wa pande zote mbili, akasema mbele yao, baba yangu amekaa pale, kwamba mimi nafaa kumenya ndizi tu, na hata hizo namenya polepole. Wajomba zake wakacheka. Nikakunja mkeka wangu nikarudi Kibeta kwa baba. Kicheko kile nililala nacho na kuamka nacho.

Sikukaa kulia. Nilikwenda hospitali ileile nikaomba kazi ya kufua mashuka, na baadaye Sista, Mzungu aliyesimamia wodi ya wazazi, akanifundisha ukunga. Kiingereza nilikiokota humohumo wodini, neno hapa, neno pale, wala sikumwambia mtu. Kila asubuhi nilipita mbele ya chumba cha dawa alimofanya kazi mume wangu wa zamani. Akiniona ananiita "dada wa mashuka" na wenzake wanacheka. Sawa, bwana, nilisema moyoni. Cheka.

Kisha ikasikika kwamba zahanati ya Muleba inatafuta mtu wa kuzunguka vijijini kwa baiskeli, azalishe wanawake walio mbali, mpaka Kishanda na mbele yake. Kazi hiyo ilikuwa na nyumba ya bati. Niliitaka kuliko nilivyowahi kumtaka mwanaume yeyote. Nisipoipata, ningezeekea katika kibanda cha nyuma cha baba, nikila baada ya wake za kaka zangu. Na nani mwingine aliyeiomba? Yeye! Mawee, mwanaume akazalishe wake za watu Kishanda! Wakubwa walikuwa tayari kumpa, kwa kuwa kwao mwanamke juu ya baiskeli kwenye vilima vile ni jambo la kuchekesha. Sista akabishana nao mpaka wakakubaliana hivi: wote wawili tutoke Muleba kwa baiskeli mpaka Kishanda, kila mmoja na mkoba wa chupa za dawa. Atakayetangulia kufika na chupa nzima, kazi ni yake.

Kahawa ya baba ya msimu ule ndiyo iliyoninunulia baiskeli. Baba hakusema mengi, alisema tu, "Mwanangu, usianguke mbele yake."

Nilikwenda kwenye duka la Mhindi mjini nikakaa humo tangu kufunguliwa, nikipapasa kila kitu. Nilichukua ya kike, isiyo na chuma cha juu katikati, ili nishuke na gauni langu bila kurusha mguu kama mwanaume. Nikataka kifuniko kizima cha mnyororo, maana nusu kifuniko kinakula pindo la nguo. Nikataka ule wavu wa nyuzi unaofunika gurudumu la nyuma. Matairi manene. Madigadi mapana ya kuzuia matope, mbele na nyuma. Kiti chenye springi mbili kubwa, na keria ya chuma kizito. Mwenye duka akasema dada, baiskeli hii itakuwa nzito. Nikamwambia mimi mwenyewe ni mzito, tutapatana.

Taa ya dainamo niliitaka kwa ajili ya kazi yenyewe, maana watoto hawachagui saa ya kuzaliwa. Lakini kengele, niseme kweli, niliichagua kwa ajili yake. Nilizijaribu zote, nikachukua ile yenye mlio wa kukera kuliko zote. Njia yangu ya kwenda kazini ilipita chini ya nyumba yake, na mke wake mpya alikuwa na usingizi mzuri wa asubuhi. Niliipiga kila siku. Niliipiga hata barabara ikiwa tupu.

Mazoezi yangu yalikuwa ya ajabu, na watu wa Rwamishenye waliyacheka sana. Kwetu mtu mdogo hampiti mzee akiwa amekaa juu ya kitu. Mwanaume hushuka, akasalimia amesimama. Mwanamke hushuka akapiga magoti, akasubiri aitikiwe, aulizwe ni binti wa nani na nyumbani wanaendeleaje, ndipo aruhusiwe. Njia ya Kishanda imejaa wazee. Basi mimi sikufanya mazoezi ya kukimbia, nilifanya mazoezi ya kushuka. Nilimwomba shangazi yangu asimame njiani awe mzee wangu. Nashuka, naegemeza baiskeli kwenye nyonga, goti chini, salamu, juu tena, pedeli. Narudi, naanza upya. Shangazi alilalamika, "We mtoto, leo umenisalimia mpaka nimechoka kuitika!"

Wiki ya safari nilirudi dukani kununua pampu, nikamkuta yeye humo. Baiskeli yake ilikuwa nje, ya kiume, nyepesi. Alikuwa amekwisha kuivua madigadi na keria ili iende kasi, na mkoba alisema ataubeba mgongoni. Ukutani kulikuwa na kitu ambacho hakuna aliyekinunua tangu kiletwe: vikombe vya chuma vya kufungwa kwenye pedeli, unaingiza kiatu ndani, unakaza mkanda wa ngozi, mguu na pedeli vinakuwa kitu kimoja. Kuutoa mguu lazima uiname ulegeze mkanda kwa mkono.

Nikavitazama. Nikamtazama yeye. Jamani, sijui nani aliyeniletea wazo lile, ila namshukuru.

Nikamwambia mwenye duka kwa sauti, "Hivi ndivyo wanavyotumia Wazungu wa mashindano huko kwao. Ningekuwa na miguu ya kuvimudu ningevichukua leo. Lakini hapa Bukoba nzima, nani ataviweza?"

Mume wangu wa zamani akageuka. "Wewe unajua nini kuhusu Ulaya?"

"Sijui kitu," nikasema. "Ndiyo maana nakwambia usivinunue. Vitakuumiza."

Akavinunua palepale. Nikalipia pampu yangu nikatoka taratibu, na nilipofika kwenye mteremko ambako hakuna mtu, nilicheka mpaka machozi.

Siku ya safari tulipelekwa Muleba kwa lori, baiskeli zetu zimefungwa juu ya magunia. Sista alikuwa ametangulia Kishanda kwa gari, akatungojea nyumbani kwa mkungu, mzee anayesimamia kijiji. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa nyekundu, imelowa. Chupa zangu nilizizungushia majani makavu ya mgomba nikazifunga vizuri kwenye keria. Yeye akakaza mikanda yake, akanitazama mara moja, akaondoka. Kweli alikuwa na kasi. Kabla sijamaliza kilima cha kwanza nilikuwa simwoni tena.

Nilipata hofu, nisidanganye. Kila penye migomba alitokea mzee, na kila mzee nilimshukia. Goti, salamu, binti wa nani, haya nenda mwanangu. Mtu aliye mbele yangu hakushuka hata mara moja, alama ya tairi lake ilionyesha, imenyooka kama kamba. Nilianza kusema moyoni, nimejitega mwenyewe. Hila yangu ndiyo imempa kazi.

Karibu na Kishanda nikawakuta wazee watatu wakirudi kutoka barazani. Aliyetangulia alikuwa amevaa kanzu nyeupe, na kanzu ile ilikuwa na matope kutoka kifuani mpaka miguuni. Nikashuka, nikapiga magoti kwenye tope lilelile.

Akaniitikia vizuri, akaniuliza kwetu, kisha akasema, "Kuna mtu amepita hapa. Ameinua mkono mmoja juu, akapiga kelele, 'Nawasalimu wote!', akaenda zake. Yule ni mtoto wa nani?"

"Tata waitu, baba yetu," nikasema, macho chini, sauti laini kabisa, "yule ni dresa wetu. Ndiye anayeomba kuja kuwazalisha wake zenu."

Mzee akaitazama kanzu yake. Alijifuta tope kidogo kwa kiganja, akaacha. Nikaomba ruhusa nikaendelea.

Nilipoingia kwenye ua wa mkungu, mume wangu wa zamani alikuwa amekaa kwenye kiti, amevua viatu, anajipepea kwa kofia. Sista alikuwa amekwisha kuukagua mkoba wake, chupa zote nzima. Za kwangu pia nzima, lakini nani aliyezijali? Sista alinishika bega, uso umemsawajika. Mume wangu wa zamani akaniambia kwa Kihaya, "Pole, dada wa mashuka. Kibeta kwa baba yako wanakungoja."

Ndipo mwenye nyumba akaingia. Kanzu yake ilikuwa na matope mpaka kifuani.

Alikaa. Mkewe akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ambayo kwetu mgeni hupewa kabla ya maneno yoyote. Mzee akampa Sista. Akanipa mimi. Akafunika kikapu. Mume wangu wa zamani alikuwa amekwisha kunyoosha mkono, akaurudisha kwenye goti.

Sista hakuelewa. Akamwambia yeye, mkalimani wake wa siku zote, amweleze mkungu kwamba huyu kijana ameshinda na ndiye atakayekuja. Akaeleza.

Mzee akajibu bila haraka. "Mwambie bibi huyu hivi. Mtu aliyetupaka matope bila kushuka hataingia katika nyumba ambamo mwanamke ana uchungu. Wake zetu hawatamwita. Tunamtaka huyu aliyeshuka. Kama si yeye, wasituletee mtu."

"Anasemaje?" Sista akauliza.

Mume wangu wa zamani akamwambia kwa Kiingereza kwamba mzee anashukuru sana, ila ataomba muda wa kufikiri.

"Sista," nikasema, kwa Kiingereza changu cha wodini, "sivyo alivyosema."

Niliuona uso wa dresa alipogundua kwamba nilikuwa nafahamu Kiingereza. Sista akatutazama wote wawili, kisha akamwambia atafsiri neno kwa neno, asiache kitu.

Akatafsiri. Alisema kwamba yeye hatakiwi, kwamba wake za watu hawatamwita, kwamba anatakiwa mimi. Alisema akitazama vidole vya miguu yake. Sista alikuwa amesikia vizuri, alikuwa tayari anafungua kalamu aandike jina langu. Ni mimi niliyesema sikusikia.

"Bwana dresa," nikamwambia, "sauti yako ndogo. Sema tena, tusikie wote."

Akasema tena.