Salamu ya Kengele

Iko siku moja ambayo nikiikumbuka, mwanangu, chai hunipoa mkononi. Ilikuwa asubuhi, jua limeshachomoza, nami nimesimama mbele ya kibaraza cha mjomba wangu nimeshika baiskeli, na nimevaa shati la kazini lililopigwa pasi. Ndani ya nyumba mama yangu alikuwa akilia. Lakini nikianzia hapo utapotea, na mimi sipendi msimulizi anayeruka ruka kama panzi. Wacha nianze mwanzo.

Sisi ni watu wa Msambweni, ila kwetu hasa ni ndani kidogo, ukishika njia ya kwenda Ramisi. Baba alifariki ningali mdogo, na kwetu mtoto asiye na baba hakosi chakula wala hakosi adabu maadamu mjomba yupo. Wangu alikuwa Mjomba Hamisi, kaka yake mama. Mtu mwembamba, mrefu, mchache wa maneno, ambaye sijapata kumwona akikimbilia kitu chochote. Akiambiwa ajihimu husema, "Mwenda pole hajikwai," na kweli, hakujikwaa.

Alikuwa na dada watatu, wote wameolewa papo hapo kijijini, lakini nyumba zao ziko mbalimbali. Kila siku ya Mungu, akitoka msikitini baada ya sala ya alfajiri, Mjomba hakurudi kulala. Alishika fimbo yake akawazungukia dada zake wote watatu kwa miguu, mpaka jua likawa juu ya minazi. Haendi kuomba kitu wala kupeleka kitu. Alikwenda kuwaamkia.

Na kuamkia kwake hakukuwa huku kwenu kwa leo, kusema na mtu huku macho yako yako kwingine. Alibisha hodi, akapewa kigoda, akaletewa maji. Kisha akauliza, "Umeamkaje, dada?" Mama akajibu, "Salama." Bila shaka salama. Pwani hii hata paa liwe linaungua, ukiulizwa habari ni salama kwanza, mengine baadaye. Mjomba alilijua hilo, kwa hiyo hakuinuka. Alikunywa maji yake taratibu, akauliza, "Na usingizi?" Akishajibiwa huuliza habari za chakula: jana mlikula nini, na wewe mwenyewe ulikula au uliwapakulia watoto tu. Hata maji yakisha, ameshashika fimbo anataka kuondoka, ndipo huuliza la mwisho. "Na moyo?"

Hapo ndipo watu waliposema kweli. Nimemwona mama yangu, mwanamke mgumu wa kulima peke yake, akisimama na ufagio mkononi akamweleza kaka yake mambo ambayo sisi wanawe hatukuwa na habari nayo. Mjomba hakutoa dawa wala hukumu. Alisema tu, "Nimesikia, dada," akaenda zake. Na mama siku hiyo alifagia uwanja huku akiimba. Nilikuwa mtoto, nikadhani ni mazoea ya wazee tu, kama kutafuna tambuu.

Basi ikaja miaka ya Uhuru. Bendera mpya ilipandishwa, na vijana sote tukajiona tumekuwa wakubwa kwa siku moja. Mimi nikapata kazi kwenye mashamba ya miwa ya Ramisi. Wenzangu walikata miwa juani, mimi kwa kuwa nilisoma kidogo nikawekwa stoo. Asubuhi nagawa mapanga, jioni nayapokea, na katikati nimekaa. Nimekaa, mwanangu, kama gunia. Na pale sukari haikuwa shida; chai yetu ilikuwa nzito ungeweza kubandikia karatasi. Nilikunywa kikombe juu ya kikombe, na mkate, na maandazi ya mama mmoja aliyekuwa akiuza langoni. Muhogo wa kuchemsha na mboga ya mchunga, ile chungu tuliyolelewa nayo, niliona ni chakula cha wasio na kazi.

Kisha nikanunua baiskeli. Usinicheke. Baiskeli wakati ule ilikuwa jambo. Niliifunga utepe wa rangi za bendera, na kengele yake ilikuwa na sauti ya kufukuza mbuzi njiani. Tangu siku ile miguu yangu haikugusa tena vumbi la njia ya Ramisi. Mwaka haukwisha, vifungo vya shati vikaanza kunikataa. Nikipanda kilima kidogo tu nahema. Usiku usingizi hauji, asubuhi nimeamka na kichwa kizito, na hasira na kila mtu, hata na paka. Nikiulizwa nasema salama. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini kijana aliye na baiskeli nani atamwambia?

Mwaka huohuo mke wa mjomba, Bi Mwanamisi, akafariki. Watu walijaa, wakamzika, wakasoma hitima, kisha majamvi yakakunjwa na kila mtu akarudi kwenye mambo yake. Mjomba hakuzunguka tena. Asubuhi alirudi kutoka msikitini akakaa kwenye kibaraza chake, kando ya njia, fimbo imelazwa miguuni. Ikawa sasa ni mama anayetembea kwenda kwake kila asubuhi kumuuliza ameamkaje.

Haikupita miezi mingi, dada yangu aliyeolewa Lunga Lunga akakaribia kujifungua, na mama hakuwa na budi kwenda. Aliniita kabla ya kupanda basi. "Chakula cha mjomba wako atapika jirani, Bi Nimwaka, nimeshasema naye, maana dada zangu wawili miguu haiwafikishi kwake. Lako wewe ni kumwamkia. Umkalie, umuulize kama yeye alivyokuwa akituuliza. Asikae siku moja bila ya mtu."

"Nimesikia, mama," nikasema. Neno la Mjomba lilelile, lakini kinywani mwangu halikuwa na kitu ndani.

Siku ya kwanza nilishuka, nikakaa. Siku ya pili nilichelewa kuamka. Nikapita mbio, nikapiga kengele, krin krin, naye pale kibarazani akainua mkono juu. Nikaona, kumbe inatosha. Nimemsalimu, ameitikia, yu mzima. Kesho yake vilevile. Na kesho kutwa. Wewe hukuyakuta, lakini kwetu mtu aliyepanda baiskeli akimwona mzee hushuka, akaisukuma hatua chache huku akiamkia, ndipo apande tena. Hakuna aliyefundishwa hilo shuleni, na hakuna asiyelijua. Mimi nililijua nikapita. Wahenga walisema usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha, nami hata nahodha sikuwa, nilikuwa mgawa mapanga.

Wiki ya kwanza mkono wake uliinuka juu ya kichwa. Wiki ya pili uliishia begani. Baadaye ikawa ni vidole tu vinanyanyuka juu ya goti. Niliona, mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba niliona, nikajiambia jioni nitapita, na jioni nilikuwa nimechoka kwa kukaa. Siku tatu za mwisho kibaraza kilikuwa kitupu. Nikapiga kengele vilevile, nikasema pengine bado yuko msikitini.

Siku ya nne mama akarudi na basi la asubuhi, akashukia kwa kaka yake moja kwa moja kabla ya kufika nyumbani. Mimi huyo, naja na baiskeli yangu, krin krin. Akatoka mama mlangoni. Hakunipigia kelele. "Shuka," akasema, kisha akarudi ndani, na nikamsikia akilia.

Bi Nimwaka alikuwa amesimama uwanjani anapangusa macho na ncha ya leso. Akaniambia sahani zilikuwa zikirudi tupu kila siku, naye akafurahi kwamba mzee anakula. Kumbe Mjomba alikuwa akiwamwagia kuku. Kila alipomuuliza hali, alijibiwa salama, akachukua sahani yake akaenda.

Niliegemeza baiskeli nikaingia. Mjomba alikuwa kitandani, amepungua hata nikamwogopa. Nikasema, "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

Ameniuliza mimi. Nikajibu, "Salama." Akanyamaza. Unamjua, alikuwa anangoja. Kisha akauliza, "Na usingizi?" Hapo nikashindwa. Mwanamume mzima na shati la pasi, nikalia, nikamwambia silali, mjomba, nina miezi silali, nahema kama mgonjwa na sijui kinachonikera. Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Nimesikia," akasema. Akapumua kidogo. "Kengele yako nilikuwa naisikia kila siku. Nilikuwa nikirudi msikitini nakaa pale naingoja. Lakini kengele, mwanangu, haiulizi mtu ameamkaje."

Basi. Hakuongeza neno, wala hakunikumbusha tena maisha yake yote. Ningalichapwa bakora mia ningalishukuru.

Kesho yake baiskeli ilibaki nyumbani. Niliamka alfajiri, nikaenda kwake kwa miguu, nikavuta kigoda karibu na kitanda. Nikamuuliza ameamkaje, akasema salama. Nikanyamaza. Si rahisi kunyamaza, jaribu uone. Nikamuuliza usingizi, nikamuuliza chakula, na mwisho, aibu zimenijaa, nikauliza, "Na moyo, mjomba?"

Akatazama mlangoni. Kisha akasema, "Mwanamisi alikuwa akinitilia maji ya kutawadha kwenye birika, kila alfajiri, hata siku alizokuwa amenikasirikia. Sasa nayatia mwenyewe." Akageukia ukutani. Nikasema lile alilonifundisha bila ya kunifundisha, "Nimesikia, mjomba." Siku ile alikunywa uji nusu bakuli.

Baada ya siku chache tulitembea mpaka kisimani tukarudi. Halafu mpaka kwa mama. Haba na haba, mpaka tukafika kwa dada zake wote watatu, na wale kina mama wakampokea kama bwana harusi. Nikawa namsindikiza kila asubuhi, kisha nashika njia ya Ramisi kwa miguu, na jioni narudi kwa miguu. Ile chai yangu aliionja mara moja tu, akaitema, akaniuliza kama nimeajiriwa kuilinda sukari au kuimaliza. Nikarudi kwenye muhogo wangu na mchunga. Kabla ya miwa ya msimu ule kuisha vifungo vya shati vilikuwa vinafunga tena, na nikiweka kichwa kwenye mto nalala. Sikunywa dawa yoyote. Mjomba aliishi miaka, akawabeba wanangu begani, na alipokuja kufa alikufa kwa uzee, asubuhi moja tuliyokuwa tunakwenda kwa dada zake. Alikuwa ameshaniuliza habari za moyo siku hiyo, nami nilikuwa nimeshamjibu. Tulimlaza karibu na Bi Mwanamisi.

Sasa wale dada watatu hawapo, na ile njia aliyokuwa akizunguka imekatwa na ua wa watu. Natembea mpaka dukani na kurudi, nikiikanyaga mahali inapobakia. Nina hamu na yule mzee, mwanangu. Nasema wazi, sioni haya. Watu wananipenda, wananiheshimu, wananiuliza habari. Nasema salama, wanakwenda. Miaka yote hii hakuna aliyebaki kuuliza la pili.

Kwa hiyo shika haya, na kama mengine yatakuponyoka, haya yasikuponyoke. Tembea. Mungu hakukupa miguu ya kukanyagia gia tu. Kula kile kilichomkuza bibi yako, na kitamu kiwe cha sikukuu. Lala mapema, maana mambo ya usiku mengi ni upuuzi, na ukikosa usingizi siku nyingi usiseme salama, sema. Moyo nao ni kiungo, huumwa kama goti, na haukandwi na mtu asiyejua unapouma. Mtafute mmoja wa kumwambia. Na wewe uwe mmoja wa kuambiwa. Kaa, nyamaza, usikimbilie kutoa dawa. Aliyesikilizwa ameshapona nusu, hilo nimeliona kwa macho yangu.

Na liko jingine, nililitaka kulisema tangu mwanzo nikawa nazunguka. Kila asubuhi unapokwenda Ukunda na pikipiki yako, ukifika hapa kwangu unapiga honi. Naisikia. Naijua honi yako kati ya zote, tangu uko kule kwenye kona, na huwa nimeshakaa kibarazani mapema naingoja. Nami huinua mkono. Sijui kama umeutazama siku hizi unafika wapi.

Kesho izime, mwanangu, ushuke. Kigoda kipo na maji yapo. Uniulize nimeamkaje, na nikikwambia salama, usiondoke.

Mola akupe miguu isiyochoka na usingizi usio na deni la kesho, akuepushe na maradhi ya kufichwa, na utakapozeeka asikunyime mtu wa kushuka kwa ajili yako. Amin.